Ruta ya kwanza nyumbani: pima kwanza, ndipo ununue

Katika parseli nyingi za Bukavu, hesabu ya intaneti inafanywa simu moja moja. Baba ananunua forfe yake, mama yake, mtoto mwenye anasoma chuo yake, na yule mdogo anaomba kila jioni: « Yaya, nipe kidogo partaji. » Mwisho wa mwezi hakuna mwenye anajua nyumba nzima imetoa franka ngapi. Ndipo wazo linaingia: tuchange, tununue ruta moja, kila mtu atumie wifi.

Wazo hilo si baya. Shida ni kwamba ruta ni kati ya vitu ambavyo watu wananunua kwa macho. Mtu anaona kisanduku cheupe chenye pembe nne, muuzaji anamwambia kimetoka Ulaya, anatoa dola zake. Akifika nyumbani anakigeuza juu na chini na hakuna pahali pa kuingiza kadi ya sim. Kisanduku hicho kilitengenezwa kwa nyumba yenye waya wa simu ao nyuzi za fibre ukutani, kule kwenye kilitoka. Huku hakiwezi kumpa hata ujumbe mmoja wa WhatsApp. Feza imeenda, na muuzaji wa okazioni harudishi.

Ruta haitengenezi intaneti

Kisanduku hiki wengine wanakiita modemu, wengine boksi, wengine wifi tu. Majina hayo yanachanganya watu, kwa hiyo ni vizuri kuyatenganisha. Wifi ni mawimbi ya ndani ya nyumba, kati ya kisanduku na simu. Modemu ni ile sehemu yenye kuzungumza na nje, na antena ya kampuni, waya ao satelaiti. Ruta ndiyo inagawa: inapokea kile chenye modemu imeleta na kukisambazia simu, televizyo na ordinatere za nyumba. Mara nyingi vyote vitatu viko ndani ya kisanduku kimoja, lakini si kila wakati, na hapo ndipo watu wanapoteza feza.

Mtu wa Kadutu ao Bagira ataelewa haraka kwa mfano wa maji. Ruta ni robine. Kama Regideso haijaleta maji, hata ukiweka robine sita mpya zenye kung’aa, ndoo itabaki tupu. Kwa hiyo swali la kwanza linahusu kile chenye kitaingia ndani ya nyumba, na kitapitia wapi. Swali la ruta gani linakuja nyuma.

Kwa nyumba ya kawaida ya mjini, njia ni tatu. Ya kwanza, na ndiyo ya wengi, ni kadi ya sim ya Vodacom, Airtel ao Orange ndani ya ruta ya 4G. Ya pili ni kampuni yenye kuleta intaneti kwa antena ndogo juu ya nyumba ao kwa waya wa fibre. Hapo kampuni yenyewe inakuja kupima kama nyumba inaona antena yao ao kama waya unapita karibu, na mara nyingi inaleta kisanduku chake. Ya tatu ni satelaiti. Mwezi wa tatu 2024, ARPTC, mamlaka yenye kusimamia simu na intaneti nchini, ilitangaza kwamba kutumia Starlink ni kosa kwa sababu haikuwa na ruhusa. Mwezi wa tano 2025 mamlaka hiyohiyo ikatangaza kwamba imeipa leseni. Kiti ya Starlink inakuja na ruta yake, hakuna haja ya kununua nyingine. Inahitaji mbingu wazi: avoka kubwa ya jirani ao ukuta wa etaji unaweza kuikata kila dakika chache. Na inakula umeme mwingi kuliko ruta ya kawaida, jambo ambalo tutalirudilia chini.

Mambo mengi yanayofuata yanahusu njia ya kwanza, ile ya kadi ya sim, kwa sababu ndiyo ambayo mtu anaifanya peke yake bila fundi, na ndiyo yenye makosa mengi.

Kipimo cha wiki moja

Kabla ya kutoa dola hata moja, kuna kipimo cha bure ambacho watu wachache wanafanya. Simu yoyote ya 4G inaweza kuwa ruta kwa wiki moja. Mtu anachukua simu yenye anaweza kuiacha nyumbani, anaweka ndani kadi ya kampuni anayofikiria, anafungua partaji ya koneksyo, na watu wote wa nyumba wanapitia humo kwa siku saba. Kipimo hicho kinajibu maswali mawili kwa pamoja: mtandao unafika namna gani ndani ya nyumba hii, na nyumba hii inakula mega ngapi.

Swali la kwanza halina jibu moja kwa mji wote. Bukavu ni milima. Nyumba mbili za avenyu moja, moja inatazama antena, nyingine imegeuzia antena mgongo, hazitapata kitu kimoja hata kama zina kadi za kampuni moja. Kwa hiyo ushauri wa rafiki kwamba kampuni fulani « inakimbia » ni kweli kwake, pengine si kweli kwako. Ni lazima kupima kadi mbili ao tatu, katika dirisha moja, na kupima saa moja jioni ao saa mbili usiku, wakati kila mtu yuko kwenye mtandao. Kupima saa nne asubuhi ndani ya duka la muuzaji hakuna maana. Wakati wa kupima, tembea na simu nyumba nzima na uangalie kama juu panaandikwa 4G ao inarudi 3G. Pahali penye 4G inakaa bila kuanguka, hapo ndipo ruta itaishi. Mara nyingi ni kwenye dirisha moja tu, na si saloni.

Swali la pili ni la feza. Simu inahesabu yenyewe mega zenye zimepita. Ukiisha siku saba, zidisha mara nne na ongeza kidogo, hapo una kipimo cha mwezi. Kwa kusaidia: simu ya sauti ya WhatsApp inakula karibu mega moja kwa dakika, mara nyingi chini ya hapo. Ya picha inaweza kula mega tano ao zaidi kwa dakika. Saa moja ya video ya ubora wa kati inaweza kukaribia nusu jiga, na video hiyohiyo ikiwekwa katika ubora wa juu, HD, inapita jiga moja bila shida. Nyumba yenye watoto watatu wanaoangalia katuni saa mbili kila siku haina haja ya mtaalamu kujua mega zinaenda wapi.

Baada ya wiki hiyo nyumba nyingine zitagundua kwamba hazihitaji ruta. Watu wawili wenye kurudi nyumbani usiku tu, partaji ya simu inawatosha, na feza ya ruta inaweza kununua batri nzuri ya simu. Si aibu. Ruta inafaa pale penye watu wanne, watano, pale penye ordinatere ya kazi, pale penye mwanafunzi anahitaji koneksyo hata kama mwenye simu ametoka.

Kwenye duka

Mtu akiamua kununua, swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: kadi ya sim inaingia wapi? Ashike kisanduku, afungue kifuniko, aone pahali penyewe kwa macho yake. Kama muuzaji anasema kadi « inaunganishwa kwa waya », hiyo si ruta ya 4G.

Swali la pili: imefungwa? Kampuni nyingi za simu duniani zinauza ruta kwa bei ndogo lakini zinaifunga, ikubali kadi yao peke yake. Ruta yenye imetoka Nairobi, Dubai ao Bruxelles katika sanduku la ndugu inaweza kuwa na kufuli hiyo. Mafundi wa kudebloke wako, lakini si kila modeli inafunguka, na fundi analipwa hata kama imekataa. Dawa ni moja: nenda dukani na kadi yako mwenyewe yenye mega, iweke ndani, ngojea mpaka simu yako ifungue ukurasa mmoja wa intaneti kupitia ruta ile. Muuzaji mwenye anakataa jaribio hilo la dakika tano amekwisha kujibu.

Swali la tatu ni la mawimbi. 4G haitumii mawimbi ya aina moja dunia nzima, na ruta zenye zilitengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi hazishiki yale ya huku vizuri, zinabaki kwenye 3G ao kimya. Jaribio lilelile la kadi linaonyesha hata hilo. Wakati huohuo soma maandishi madogo kwenye adapteri: lazima iandikwe 100-240. Ikiandikwa 110 ao 120 peke yake, usiiingize kwenye prizi ya nyumbani, itaungua kabla ya kuwaka.

Kuhusu pembe, hapo watu wanadanganyika sana. Ruta yenye pembe nne inaonekana na nguvu. Kumbe katika ruta nyingi pembe hizo ni za wifi ya ndani, hazina kazi na antena ya mlimani. Yenye inafaa zaidi kwa nyumba yenye mtandao dhaifu ni ruta yenye matundu mawili nyuma ya kuunganisha antena ya nje, ile ya kutundika juu ya nyumba kwa waya. Iulizwe wazi, kwa sababu hata muuzaji mara nyingi hajui.

Namba za kartoni pia zinasema uongo kidogo. « 300 Mbps » ni mbio kati ya ruta na simu ndani ya nyumba. « Cat 4 » ina maana kwamba upande wa 4G ruta haiwezi kupita megabiti 150 kwa sekunde, nayo ni namba ya laboratware. Kama kwenye dirisha lako simu ilipata megabiti 8, ruta ya bei kali haitazifanya 80. Kwa hiyo hakuna haja ya kulipa zaidi juu ya Wi-Fi 6, aina yenye ilitoka tangu 2019, wakati simu za nyumba ni za zamani na intaneti yenyewe ni ndogo. Kitu chenye kina faida ni ruta yenye mawimbi mawili, 2,4 na 5 gigahezi. Ile ya 2,4 inapita kuta na kufika mbali, lakini imejaa juu ya majirani wote. Ile ya 5 inakimbia, lakini ukuta mmoja wa briki unaichosha. Nyumba ya mbao ya vyumba vitatu itatosheka na 2,4. Kile chenye kinaua mawimbi yote mawili ni chuma: mabati, yale wengi wanaita manjanja. Chumba kilichozungushiwa manjanja hakitapata wifi ya ruta iliyo upande mwingine.

Kuna tena ruta ndogo za mfukoni, zenye batri ndani. Zinafika watu wachache na mbali kidogo tu, lakini umeme ukikatika zinaendelea kwa saa kadhaa. Kwa mpangaji wa chumba kimoja, pengine ndiyo chaguo la akili kuliko ile kubwa ya saloni.

Umeme na radi

Hapa ndipo ruta nyingi za Bukavu zinakufa. Umeme wa SNEL unakuja na kwenda, na ule mpigo wa kurudi ndio unaunguza adapteri. Mtu mwenye hana regulateri angalau aondoe ruta kwenye prizi wakati umeme umekatika, angoje dakika chache baada ya kurudi, ndipo aiingize. Ralonji moja yenye ruta, pasi na friji pamoja ni kuitafutia kifo.

Lakini ruta ina jambo moja zuri: haihitaji umeme mwingi. Nyingi zinatumia volti 12 na wati kati ya 5 na 10. Batri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7, zile za pikipiki ao za onduleri, ina wati-saa 84. Ukitumia nusu yake tu, ili isiharibike haraka, ruta ya wati 6 inakaa saa saba. Kuna pia onduleri ndogo za volti 12 zilizotengenezwa kwa ruta, za ukubwa wa kitabu. Mwenye pano ya jua ameshinda tayari, mradi fundi ahakikishe volti zinalingana na zile zilizoandikwa chini ya ruta. Ruta ya volti 12 na ile ya volti 5 zinaweza kuwa na tundu lenye kufanana kabisa. Starlink ni hesabu nyingine: antena yake ya kawaida inakula kati ya wati 75 na 100, ile ndogo, Mini, wati 25 mpaka 40. Batri ya pikipiki haitaibeba usiku.

Na radi. Uchunguzi wa satelaiti uliotolewa mwaka 2016 uliweka mashariki ya Congo, upande wa magharibi wa milima ya Kivu, kuwa ya kwanza Afrika kwa wingi wa radi na ya pili duniani, nyuma tu ya ziwa Maracaibo kule Venezuela. Wakaaji wa huku hawakungoja satelaiti kujua hilo. Mvua kubwa ikianza kunguruma, ondoa adapteri kwenye prizi. Kama kuna antena juu ya nyumba, ondoa na waya wake. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, radi haiangalii kitufe.

Kuifungua mara ya kwanza

Kadi ya sim iandikishwe kwa jina la mtu wa nyumba mwenyewe, si kwa jina la kijana wa kona aliyeiuza. Kabla ya kuiingiza, iwekwe kwenye simu, iondolewe kodi ya PIN, na inunuliwe forfe. Wengi wanasahau kwamba ruta haina vitufe vya kupigia namba. Siku forfe imekwisha, itabidi kutoa kadi tena na kuirudisha kwenye simu, isipokuwa kampuni inaruhusu kununulia namba nyingine kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Uliza hilo mapema, na andika namba ya kadi ya ruta pahali, maana hakuna mtu atakayeikumbuka.

Kadi ikiwa ndani na taa zimewaka, geuza ruta. Chini kuna karatasi ndogo iliyobandikwa: jina la wifi, neno la siri, na anwani ya namba, mara nyingi 192.168.1.1, 192.168.0.1 ao 192.168.8.1. Piga picha karatasi hiyo sasa hivi, kabla jasho na vumbi havijaifuta. Halafu unganisha simu kwenye wifi ile na uandike anwani ya namba kwenye navigateri, pale juu kwenye watu wanaandika jina la saiti. Ukurasa wa ruta unafunguka, unaomba jina na neno la siri la msimamizi. Katika ruta nyingi yote mawili ni « admin ».

Hapa kuna maneno ya siri mawili, na kuyachanganya ni kosa la kawaida. Moja ni la kuingia kwenye wifi, lingine ni la kuingia kwenye ukurasa wa kutawala ruta. Watu wanabadilisha la kwanza na kuacha la pili likiwa « admin ». Maana yake kila mgeni aliyepewa wifi, hata mtoto wa jirani mwenye miaka 14, anaweza kufungua ukurasa ule, kusoma kila kitu, na kumfukuza mwenye ruta kwenye wifi yake mwenyewe. Yabadilishwe yote mawili, siku hiyohiyo. Neno la siri la wifi liwe refu, maneno matatu ao manne ya kawaida yaliyounganishwa na namba, si jina la mtoto wala namba ya simu iliyoandikwa kwenye mlango wa butiki. Jina la wifi lisiwe « Familia Fulani, Etaji ya 2 ». Hakuna faida ya kuwaambia wapita njia nyumba gani ina vifaa.

Kwenye sehemu ya usalama chagua WPA2, ao WPA3 kama simu zote za nyumba zinaikubali. Ikionekana WEP, achana nayo, ilivunjwa zamani. WPS, ile ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe, ifungwe.

Kwa wakaaji wa upande wa Nguba, Muhumba na kando ya Ruzizi kuna jambo la pekee: minara ya Rwanda iko karibu, na ruta ikikosa mtandao wa Congo inaweza kuruka ngambo na kuanza kutumia mtandao wa kule kwa bei nyingine. Simu ikifanya hivyo mtu anaona ujumbe. Ruta inafanya kimya. Katika ukurasa wake tafuta sehemu ya rominge na uifunge.

Ikiwa kila kitu kinaonekana sawa lakini intaneti haiingii, mara nyingi ni APN, jina la mlango wa kampuni. Kila kampuni ina lake, na ajenti wao analitoa bure. Liandikwe jinsi lilivyo, bila nafasi katikati.

Mega zinapotea wapi

Wiki ya kwanza ya ruta ni wiki ya ugomvi. Forfe ya mwezi inaisha kwa siku nne, kila mtu anamtazama mwenzake, na kuna mwenye atasema « wifi inakula mega ». Wifi haili kitu. Sababu ni kwamba simu na ordinatere zimefundishwa kuamini kwamba wifi ni ya bure. Zikiwa kwenye mega zake zenyewe, simu inajizuia. Ikiona wifi, inafungua mlango: inasasisha programu zote, inapandisha picha zote kwenye akaunti, na WhatsApp inashusha yenyewe kila video ya kila groupe ya kanisa, ya familia na ya promosyo. Ordinatere ya Windows ni mbaya zaidi, sasisho moja linaweza kuchukua jiga kadhaa usiku mmoja.

Kwa hiyo kila simu yenye kuingia kwenye wifi ya nyumba inapitia kwanza mikono ya mtu mmoja. Kwenye WhatsApp, katika sehemu ya hifadhi na data, uondoe alama zote za kushusha vyenyewe wakati wa wifi. Kwenye duka la programu, usasishaji wa wenyewe ufungwe. Kwenye mipangilio ya wifi ya Android, ukigusa jina la mtandao, kuna pahali pa kuambia simu kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Kwenye Windows kitu hicho kinaitwa « Connexion limitée », na ni kubofya mara moja. Video ziwekwe katika ubora wa 360 ao 480, kwenye skrini ya simu tofauti ni ndogo.

Ruta nyingi za 4G zina pia hesabu yao ndani ya ukurasa ule wa namba: mega ngapi zimepita, na pahali pa kuweka mpaka. Kuna na orodha ya vifaa vyote vilivyounganishwa. Nyumba yenye simu tano ikiona vifaa tisa, kuna watu wanne wa nje.

Wakati parseli inachanga

Katika parseli za wapangaji watatu ao wanne, kuchanga ruta moja ni jambo la kawaida na linapunguza bei kwa kila mmoja. Linavunjika kwa sababu zilezile: mwenye kuishi peke yake analipa sawa na mwenye watoto sita, ao mtu amehama na neno la siri ameondoka nalo na kuligawia wenzake wa kona. Ni bora kukubaliana mbele ya wote, kabla ya feza kutoka, nani anashika ukurasa wa msimamizi, forfe inanunuliwa tarehe gani, na kwamba neno la siri linabadilishwa kila mara mtu akihama. Ruta nyingi zinaruhusu wifi ya pili, ya wageni, yenye neno lake. Hiyo ndiyo ya kupatia watu wa kupita.

Mwenye jina lake liko kwenye kadi ya sim ajue kwamba yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 Congo ina sheria ya mambo ya kidijitali, yenye kuadhibu udanganyifu na matusi ya mtandaoni. Mtu akitumia wifi yako kwa mambo hayo, alama ya kwanza inaelekea kadi yako. Na kuchanga kati ya majirani si sawa na kuuza: mwenye anafikiria kuweka antena na kuuzia kartie wifi kwa saa, hiyo ni biashara, ni vizuri aulize kwanza ARPTC inataka nini.

Mwisho, kuna siku ambayo neno la msimamizi litasahauliwa, ao mtu atachezea mipangilio mpaka intaneti ipotee. Nyuma ya ruta kuna tundu dogo lenye neno reset. Ruta ikiwa imewaka, ingiza ncha ya sindano ao kalamu nyembamba, finya na uhesabu mpaka kumi. Taa zote zitazimika na kuwaka tena. Ruta imerudi kama siku ilitoka kartoni, na maneno ya siri ni yale ya karatasi ya chini, ile yenye ilipigwa picha. Kila kitu kinaanzwa upya, pamoja na kufunga rominge na kubadilisha « admin ».